Hatamu Mkononi, Hatamu Moyoni

Waswahili husema kuwa mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Aghalabu methali hii hutajwa na watu ambao hawajawahi kumgusa hata farasi mmoja. Vivyo hivyo, husemwa kuwa fulani ameshika hatamu za uongozi, ilhali msemaji hajui hatamu ni ukanda gani wala lijamu hukaa wapi kinywani. Lugha imeyahifadhi maarifa ambayo wasemaji wake wengi wameyasahau. Mwanagenzi anayejiunga na masaisi katika mabanda ya Ngong, jijini Nairobi, ambako uwanja wa mbio za farasi ulifunguliwa mwaka 1954, huyapata upya kwa jasho lake.

Kwanza hufunzwa mahali pa kusimama. Macho ya farasi yako pande mbili za kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake hasa na mbele kidogo ya paji lake. Anayemjia kwa nyuma kimyakimya huweza kupokewa kwa teke. Teke hilo si ukatili. Ni woga wa mnyama ambaye mababu zake waliokoka kwa kutimua mbio. Kwa hiyo mwanagenzi humwendea begani, akisema naye kwa sauti ya chini.

Funzo la pili ni gumu zaidi, kwani lamhusu mwanagenzi mwenyewe. Farasi aweza kufikia kilo 500, na hapana msuli wa binadamu uwezao kumshinda. Akivutwa kwa nguvu, naye huvuta; hatamu ikilegezwa mara tu anapotii, huelewa kuwa ametenda vyema. Aliyefika bandani na hasira za nyumbani hugundua kuwa mnyama amezijua kabla hajatamka neno. Hulazimika kuitawala pumzi yake kwanza.

Kisa cha farasi Hans chathibitisha hayo. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mstaafu wa hisabati, Wilhelm von Osten, alimfundisha Hans kuhesabu. Hans aliulizwa swali, naye akapiga ukwato chini hadi jibu likatimia. Mwaka 1904 tume ilimchunguza isione hila yoyote. Ni Oskar Pfungst aliyebainisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1907, kuwa Hans hakujua hesabu. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye alikosea. Alichokisoma ni mwili: kichwa kilichoinama kidogo wakati wa kusubiri, kikainuka kidogo pigo sahihi lilipofika. Hata Pfungst, baada ya kuijua siri hiyo, hakuweza kuzizuia kabisa ishara zake mwenyewe.

Hapana shaka kisa hiki kinawagusa wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao wataishia kushika chaki. Nchini Kenya adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini hakuna sheria iwezayo kuupiga marufuku uso uliokunjwa. Mwanafunzi anayeulizwa ngeli ya nomino huanza kutaja moja, akaona nyusi za mwalimu zimepanda, akabadili jibu upesi. Jibu likawa sahihi, darasa likapiga makofi. Mwalimu aliyewahi kushika hatamu atasita kidogo kabla ya kumsifu, ajiulize kama mtoto huyo amejifunza ngeli au amejifunza nyusi.