Stockholm, mji wa akina baba na vigari

Mgeni kutoka Dar es Salaam akifika Stockholm siku ya kazi, saa nne asubuhi, anaweza kushangaa pale Nytorget, uwanja mdogo ulio katika kisiwa cha Södermalm. Mikahawa imejaa wanaume wenye nguvu zao, wanakunywa kahawa na kula mikate ya mdalasini. Atadhani hawana ajira. Kumbe wanazo. Pembeni mwa kila mmoja kuna kigari, na ndani yake mtoto amelala. Hata majira ya baridi watoto hulazwa nje, wamefunikwa blanketi mpaka kidevuni, na hakuna bibi anayegomba.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1974 Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuigeuza likizo ya mama kuwa ya wazazi wote wawili. Wanaume wakaona haya, ikabidi serikali itoe matangazo yenye picha ya mnyanyua vyuma Lennart Dahlgren, amempakata mtoto mchanga. Picha ilipendwa, lakini wengi waliendelea kwenda kazini. Kilichowatoa ofisini ni sheria ya mwaka 1995 iliyomtengea kila mzazi mwezi wake. Baba asipoutumia unapotea, hawezi kumwachia mkewe.

Leo wazazi hugawana siku 480 kwa kila mtoto, na siku 90 ni za kila mmoja peke yake. Malipo hutoka kwenye bima ya jamii, si mfukoni mwa mwajiri. Mpaka mtoto afikishe miezi 18, mzazi ana haki ya kukaa naye nyumbani na kazi yake inamngoja. Hata basi la mjini halimtozi nauli mtu mwenye mtoto kwenye kigari.

Si kwamba mizani imekaa sawa, maana akina mama bado huchukua takriban asilimia 70 ya siku hizo.

Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 na baba siku 3. Siku ya nne, kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba yuko kituoni anagombania daladala.

Nytorget, mtoto akiamka analia, baba humnyanyua, hunusa nepi, akaenda kumbadilisha. Hakuna anayeuliza mama yuko wapi.