Corolla ya namba B iliyokuwa ikigoma Riverside

Saa 12 na robo asubuhi, Barabara ya Mandela upande wa Ubungo Riverside huwa imeshajaa. Daladala zinabanana na malori yanayotoka bandarini, bodaboda zinapenya katikati, na watoto wenye sare wanavuka wakiwa wameshikana mikono. Mbele kidogo ndipo lilipo Daraja la Kijazi, lile la ngazi tatu, lililofunguliwa Februari 24, 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki dunia wiki moja kabla. Zamani gari likizima Ubungo, mwenyewe alikuwa na wenzake kibao waliokwama kwenye mataa. Siku hizi magari yanapita, na likigoma linabaki kuwa shida yako peke yako.

Mama mmoja wa watoto wawili, mkazi wa Kibangu, aliijua shida hiyo kwa miezi mitatu. Gari lake ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, oto, namba B. Kila asubuhi lilikuwa linawaka nyumbani bila tatizo. Anawapeleka watoto shule Sinza kupitia Sam Nujoma, anarudi, anasimama sheli kuweka mafuta. Akigeuza funguo tena, anasikia kitu kimoja tu chini ya boneti: tak! Kimya. Anarudia, tak! Mara ya tano au ya sita, linawaka kama vile halijawahi kuumwa.

Vijana wa Riverside hawasubiri kuombwa. Gari likisimama, mikono sita iko nyuma ya buti. Lakini oto haishtuliwi kwa kusukumwa kama manyuali. Wanachofanya ni kuliondoa njiani tu, na soda yao unatoa.

Fundi wa kwanza alisema betri. Mpya ilikula shilingi 160,000, na fedha hiyo ilitoka kwenye awamu ya pili ya ada. Kwa siku kumi gari likatulia, kila mtu akaamini. Kisha usiku mmoja mtoto mdogo, mwenye miaka sita na pumu, akabanwa. Wakampeleka hospitali, akawekewa dawa ya mvuke, akapata nafuu, wakaruhusiwa. Kwenye maegesho gari likagoma. Saa nane usiku, mtoto mgongoni, mvua inaanza. Walirudi Kibangu kwa bajaji. Tangu siku hiyo mama huyo akawa anaogopa kulizima gari lake.

Fundi wa pili alisugua vichwa vya betri na kukaza waya. Wa tatu alitaka kubadilisha swichi ya funguo, halafu akashauri gari lipimwe kwa kompyuta, ingawa kwa gari la umri huo kompyuta inasoma vihisishi vya injini tu, haiwezi kuona kilichomo ndani ya stata. Wote walikwama palepale: likifika gereji, linawaka kwa funguo moja. “Gari zima hili, mama.” Na wote, jambo la kukera kidogo, waliomba namba ya baba ili waongee naye, wakati anayelishika usukani kila siku alikuwa amesimama mbele yao.

Aliyelitatua ni mzee mmoja fundi umeme, mwenye benchi chini ya mwarobaini kwenye kichochoro kisicho mbali na stendi ya zamani ya Ubungo. Miaka ya stendi alikuwa akiishi kwa mabasi ya mikoani. Yalipohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021 wateja wakaondoka nayo, akabaki na magari madogo na muda wa kusikiliza.

Hakufungua boneti. Alimwuliza mama: “Likigoma, taa za dashibodi zinafifia au zinabaki vilevile? Linatoa sauti au limenyamaza kabisa? Limetembea muda gani kabla ya kuzimwa?” Mama akajikuta hana jibu la uhakika. Mzee akamwambia asimpe hela, aende akaandike.

Kazi hiyo ilichukuliwa na binti mkubwa, wa darasa la tano, kwenye kurasa za nyuma za daftari la Hisabati. Kwa wiki mbili na nusu akawa anaandika: siku, saa, mahali, sauti, taa. “Jumanne, saa 1 asubuhi, getini shule, tak mara nne, taa zinawaka sana.” “Ijumaa, saa 11 jioni, sheli, tak mara mbili, taa zinawaka.” Mistari tisa ilitosha. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa asubuhi nyumbani. Yote ilikuwa baada ya mwendo, injini ikiwa ya moto, na taa hazikufifia hata mara moja.

Mzee alisoma daftari akiwa ameshika miwani. Betri ikichoka au kichwa chake kikilegea, alieleza, ukigeuza funguo taa zinafifia kwa sababu stata inavuta umeme mwingi. Hapa hazififii, maana yake stata haivuti kitu. Kama pasingekuwa na sauti kabisa, na gari likakubali ukiweka gia kwenye N badala ya P, angeangalia swichi ya gia. Na kama stata ingekuwa inazunguka vizuri ila injini haishiki, hilo ni suala la mafuta au moto wa plagi: angetega sikio nyuma kusikia kama pampu inanguruma, kisha angepima koili, ambayo kwenye magari ya umri huo huchoka ikipata joto.

Kilichobaki ni kulikamata likiwa kwenye kosa. Wakapanda Barabara ya Morogoro hadi Kimara Mwisho, sambamba na njia ya mwendokasi, wakarudi na injini ya moto. Wakalizima chini ya mwarobaini, gia P, breki ya mkono juu. Mara tatu likawaka. Mara ya nne, tak!

“Usiachie funguo, mama.”

Mita kwenye betri ilisoma volti 12.4, kabla ya hapo ilikuwa 12.6. Betri haikuwa na kosa. Waya mwembamba unaoiamrisha stata ulikuwa na umeme, kwa hiyo funguo, rilei na swichi ya gia zikaachiwa huru. Waya mnene unaoingia stata ulikuwa na umeme. Upande wa pili, unaokwenda kwenye mota yenyewe, sifuri.

Stata ikashushwa na kufunguliwa. Ndani yake kuna vipande viwili vya shaba, mafundi wanaviita kopa, ambavyo huunganishwa kila ukigeuza funguo. Kimoja kilikuwa kimeliwa upande mmoja hadi kubaki ukingo mwembamba. Siku kikigusa, gari linawaka. Siku kisipogusa, unasikia tak. Betri mpya ilikuwa imekisaidia kwa siku chache tu. Ni ugonjwa wa kawaida kwa stata za Toyota zenye umri.

Kopa mpya mbili pamoja na ufundi hazikufika hata robo ya bei ya betri. Muuza betri alipopigiwa simu alisema mali ikishafungwa hairudi, na ada ikaombewa wiki tatu kwa mwalimu mkuu.

Mzee alimpa binti ile shaba iliyoliwa. Binti akaigeuza kiganjani, akauliza kama sasa anaweza kuacha kuandika.

“Hapana, mjukuu wangu. Andika wiki mbili nyingine. Likiwaka, andika limewaka.”

Mstari wa kwanza wa ukurasa mpya ni wa jioni ileile: sheli ya Riverside, injini ya moto, mara moja tu.