Plagi ya Bongo haiingii Guangzhou

Washikaji wengi wakijiandaa na safari huwaza pasi, viza na pamba za kupandia ndege. Plagi je? Hakuna anayeiwaza, mpaka simu izime ugenini na namba ya mwenyeji imo humo humo.

Sie Bongo tunatumia ile ya pini tatu bapa, urithi wa Mwingereza tangu 1947. Ina fyuzi ndani, na ile pini ndefu ni ya ethi. Hiyo hutangulia kuingia na kufungua vijilango vinavyoziba matundu ya umeme. Ndiyo maana wajanja wa mtaani huchomeka kalamu juu ili plagi ya pini mbili ipite. Acheni mchezo huo, jamani! Vijilango vimewekwa kuwakinga watoto watundu.

Haya, tupande ndege. Ukitua Dubai, raha mustarehe: soketi ni zile zile za Kariakoo. Nairobi na Kampala vivyo hivyo. Pitiliza sasa mpaka Guangzhou kufuata mzigo: kuna za pini mbili bapa, na za pini tatu ambazo mbili zimeinama upande. Johannesburg nimekutana na pini tatu za mviringo, nene kama misumari ya boriti. Paris ni mbili za mviringo, na soketi yenyewe imetoa pini yake nje, utadhani inakuonyesha kidole!

Lakini kiboko ni Marekani. Kule umeme ni volti 120, kwetu 230. Binamu yangu mwenye saluni Sinza aliletewa draya ya nywele kutoka Houston. Akanunua adapta, akachomeka. Moshi huo! Mteja katimua mbio na rola kichwani, mtaji ukaishia hapo. Kumbe draya ya volti 120 ikipewa 230 huvuta nguvu karibu mara nne.

Sikia, msomaji wangu: adapta hubadili umbo la plagi tu, volti haizigusi. Soma kibandiko cha kifaa chako. Kikiandikwa 100-240V, kama chaja nyingi za simu, adapta yatosha, tanua popote. Kikiandikwa 120V tu, hapa Bongo kinataka transfoma inayohimili nguvu yake. Kwa draya, transfoma hiyo ni zigo zito na la bei. Mwambie dada wa Houston atume hela, draya utanunua hapa hapa.