Daftari la Shangazi Kule Chwele

Mjini Chicago, tangu 2012, kuna mikutano ya jioni ambayo siku hizi inaitwa Chi Hack Night. Wanaofika ni waandishi wa programu, wanafunzi, watumishi wa jiji, yeyote anayetaka kutumia kompyuta kwa faida ya umma, na hakuna anayelipwa. Nilipoingia mara ya kwanza nilishangaa jinsi watu walivyokuwa wametulia. Intaneti ipo, treni ya kurudi nyumbani ipo, na mshahara wa mtu uko palepale hata akikesha.

Nilitoka pale na hamu kubwa. Mimi na wenzangu watatu kutoka nyumbani, Kenya, tukaanza kujenga tovuti ya kuunganisha vikundi vya Bungoma na Kitale: vyama vya akina mama, wakulima wa mahindi, vijana wa boda boda. Tulitaka kila kikundi kijue jirani yake ana nini. Miezi minne baadaye ukurasa ulikuwa tayari, na kila mwanachama alitakiwa kujiandikisha kwa barua pepe.

Desemba nikaupeleka Chwele, huko Bungoma, kwa shangazi yangu, mweka hazina wa chama chao. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo barua pepe tutaipata wapi?" Kati ya wanawake waliokuwa pale, wengi walikuwa na kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Wengine waliazima simu ya jirani, ila kila mmoja alikuwa na laini yake ya M-Pesa, ameifunga kwenye ncha ya leso.

Shangazi akaingia ndani, akarudi na daftari. Nililifungua ukurasa kwa ukurasa: michango ya kila wiki, faini za wachelewaji, nani amekopa na nani amemdhamini, sahihi, na alama za vidole gumba za wasioandika. Humo ndimo mlimotoka orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano walizopeleka ofisini kusajili kikundi. Kwenye jalada la nyuma walikuwa wameandika kwa kalamu nambari za vikundi vingine: cha Kimilili chenye viti na sufuria za kuazimisha, cha Kitale kinachouza mahindi wakati wa mavuno. Mtandao tuliouhangaikia miezi minne ulikuwa pale, umechakaa kwa kushikwashikwa.

Kuna kijana wa Bungoma mjini aliyekuwa akijenga nasi. Tulipokutana saa kumi na mbili jioni ya Chicago, kwake ilikuwa saa nane au saa tisa usiku, na hakukosa hata mara moja. Bando alinunua mwenyewe. Nauli ya matatu kutoka Kanduyi hadi Chwele, kwenda kuwauliza akina mama maswali yetu, alijilipia. Sote tuliita kazi hiyo kujitolea. Mimi ilinigharimu jioni moja kwa wiki. Yeye ilimgharimu vibarua ambavyo hakuvifanya. Niliona vibaya kwamba sikuwa nimemuuliza mapema ilikuwa ikimgharimu nini.

Nimekuwa nikiifikiria tovuti ya Ushahidi tangu wakati huo. Januari 2008, Kenya ikiwaka, Ory Okolloh aliomba kwenye blogu yake watu wa teknolojia wasaidie kuweka matukio ya ghasia za baada ya uchaguzi kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, aliyekuwa Marekani, wakajitokeza, na kwa siku chache tu tovuti ikawa hewani. Aliyekuwa mashinani aliweza kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi, kwa simu aliyokuwa nayo tayari mkononi. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

Tumeiondoa fomu ya kujiandikisha kwa barua pepe. Sasa karani wa kikundi anatuma ujumbe mfupi, nao unafika kwa makarani wengine. Kijana wetu ndiye anayeongoza ujenzi, na sisi wa huku tunachanga kila mwezi: ada ya jina la tovuti, seva, bando lake, nauli yake na posho. Naamini mchango wa namna hii ndio tunaodaiwa sisi tulio mbali, kwa kuwa tovuti nyingi za kujitolea hufa siku ada inapofika na waliozijenga wameshahamia jambo lingine.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa shangazi: kuna matanga Chwele Jumamosi, zinahitajika sufuria mbili kubwa. Kimilili walijibu kabla chai haijapoa.