Safari Yangu ya Fildi Dar es Salaam

Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Msimu huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma tulikuwa tukifunga mizigo kwenda fildi, yale mafunzo ya vitendo yanayomtoa mwanafunzi darasani na kumweka kazini. Mimi nilipangiwa kampuni ya huduma za intaneti katikati ya Dar es Salaam. Jiji hilo nilikuwa nikilisikia tu, na ofisini nilikuwa sijawahi kukaa kama mtu mwenye kazi.

Tuliondoka asubuhi kwa treni hiyo. Nyanda kavu za Ugogo na mibuyu yake zilipita upesi, vilima vikaanza, tukaingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa. Morogoro tuliiona milima ya Uluguru, na kabla ya saa nne za safari kutimia tukawa Dar es Salaam. Kwa basi safari hiyo hula karibu siku nzima.

Jirani yangu alikuwa mama mwenye duka la vipodozi, akienda Kariakoo kuchukua mzigo. Alipojua nasomea kompyuta alinieleza habari za mashine yake ya EFD, ile ya kutolea risiti. Iligoma, akaja fundi kijana, akabonyezabonyeza, ikakubali, akaondoka bila kusema neno. Baada ya siku chache ikagoma tena. "Sasa mwanangu, sijui kama ni tatizo lilelile au jingine," alisema. "Angeniambia tu alichokikuta, leo ningejua pa kuanzia."

Kesho yake alfajiri, kutoka kwa shangazi Manzese, nilipanda basi la mwendokasi hadi Posta ya Zamani. Msimamizi wangu alikuwa dada mhandisi wa mitandao. Ofisi nzima ilimwita Injinia. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla ya kunionyesha kompyuta akanipa karatasi ya kusaini: ahadi ya kutunza siri za wateja. Alinieleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ndiyo inayolinda taarifa ambazo ningeziona mezani. "Utakutana na majina, namba za simu na mahali watu wanapokaa. Usipige picha skrini, na usisimulie nyumbani."

Kisha akanikalisha kwenye meza ya simu, pembeni yake. Mteja akisema mtandao unasumbua, Injinia hakukimbilia jibu. Aliuliza: tatizo limeanza lini? Limekupata wewe peke yako au ofisi nzima? Tangu mara ya mwisho mtandao ulipofanya kazi vizuri, mmebadilisha au kuhamisha kitu chochote? Taa za rauta zina rangi gani? Asubuhi hiyo alipiga mfamasia mmoja akifoka, foleni imejaa dukani na malipo hayapiti. Injinia alimwacha amalize. Halafu akamrudishia maelezo yake kwa ufupi, akamuuliza kama ameelewa sawasawa, akamwambia, "Nitakupigia saa tano kamili, hata kama tutakuwa hatujapata jibu." Saa tano ilipofika alipiga. Jibu lilikuwa bado, lakini mfamasia alizungumza kwa utulivu, akapanga namna ya kuwahudumia wateja wake kwa fedha taslimu.

Kila simu ilifunguliwa tiketi: tatizo kwa maneno ya mteja, kilichopimwa, kilichoonekana, kilichobadilishwa, hatua inayofuata na jina la anayeishika. Zamu ya jioni ilipoingia, ilisoma tiketi na kuendelea pale zamu ya asubuhi ilipoishia. Ndani ya chumba cha sava niliukuta utaratibu uleule. Waya zote zilikuwa na lebo ncha zote mbili, na mabadiliko yoyote yalitanguliwa na maandishi: nini kitabadilishwa, saa ngapi, na mambo yakiharibika tutarudije tulipokuwa. Mtu aliyeitwa usiku wa manane aliweza kufanya kazi bila kumwamsha mwenzake.

Mchana mmoja tukiwa tunakula, Injinia alinisimulia Mei 12, 2024, siku nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Seacom ilikuwa imefika pwani yetu mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya nchi na dunia ilipita humo. Ofisini kwao hapakuwa na mtu wa kuziunga. Kazi hiyo hufanywa na meli maalumu inayouinua waya kutoka chini ya bahari. Wao walihamisha walichoweza kwenye njia nyingine, wakazipa kipaumbele hospitali, na kila baada ya saa chache wakawaandikia wateja: tunachokijua ni hiki, tusichokijua ni hiki, tutaandika tena saa fulani. "Wateja waliobaki nasi," alisema, "walibaki kwa sababu ya zile barua."

Hapo niliielewa kazi ninayoisomea. Mitambo itaharibika hata ikishikwa na mafundi hodari, na katika saa hizo mtaalamu hupimwa kwa namna anavyosikiliza, anavyosema ukweli kwa wakati, anavyoandika na anavyokabidhi. Mambo haya hufundishika kama kanuni za programu zinavyofundishika. Mimi niliyajifunza kwa kukaa pembeni ya mtu anayeyajua, kuyafanya akiniangalia, na kusahihishwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wetu. Sasa hivi programu ya mwanafunzi hupata maksi ikifanya kazi mbele ya msahihishaji. Katikati ya muhula, kila kikundi kikabidhi kazi yake kwa kikundi kingine kiiendeleze kwa kutegemea maandishi peke yake, bila kuwapigia simu walioianza. Wale walioipokea ndio waseme ilikuwa na thamani ya maksi ngapi.