Pua ndefu ya roketi

Wadau, nani hajawahi kunusa mtungi wa gesi unaovuja jikoni? Ile harufu mbaya si ya gesi yenyewe. Huongezwa makusudi ili pua zetu zituokoe. Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za watu ambao gesi yao haina harufu kabisa, na imenifanya niifikirie sana kazi yangu ya uandishi.

Ni wahandisi wa Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, Marekani. Injini kuu za vyombo vya anga kama Columbia, vilivyoruka kati ya mwaka 1981 na 2011, zilichoma haidrojeni. Haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kushika moto. Sasa utainusaje kwenye chumba cha injini wakati hakuna fundi anayeruhusiwa kukikaribia?

Walitumia mirija mirefu. Mashine ya kupimia ilikaa ndani ya jukwaa la kurushia, na pampu zikawa zinafyonza gesi kutoka chumba kile. Tatizo umeshaliona? Gesi husafiri. Namba inapotokea kwenye skrini, inakwambia yaliyokuwapo muda kidogo uliopita, siyo yaliyopo sasa. Sisi tunaopokea simu za kutoka mikoani tunalijua hilo.

Kilichonifurahisha zaidi ni argoni. Chumba kile kilijazwa nitrojeni ili kufukuza hewa. Ikionekana oksijeni, je, imevuja kwenye mabomba au ni hewa ya nje imepenya? Hewa ya kawaida ina argoni karibu asilimia 1. Basi oksijeni ikija na argoni yake, ni hewa. Ikija peke yake, shughuli ipo. Huyo ndiye shahidi wa pili!

Ila shahidi wa pili hapatikani kila mara. Usiku wa tarehe 20 Julai 1999, Columbia ilikuwa tayari kuruka chini ya Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha aina hiyo. Ghafla kipimo cha haidrojeni kikapanda zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Wahandisi wakasimamisha kila kitu, ikiwa imebaki chini ya nusu sekunde injini ziwashwe. Baadaye ikabainika kuwa kipimo kile kilikuwa cha uongo. Chombo kikaruka tarehe 23, na safari hiyo pini ndogo ikachomoka ndani ya injini moja, ikatoboa mirija ya kupoozea, haidrojeni ikavuja kweli. Bahati nzuri walifika salama.

Kuna atakayesema walisimamisha bure. Mimi sikubali. Kusubiri siku tatu kunalipika, lakini chombo kikishalipuka hakirudi.

Nayasema haya kwa sababu mezani kwangu ipo habari inayomtuhumu mtu wizi wa fedha za umma. Chanzo ni kimoja, na kinasimulia ya miezi mingi iliyopita. Mhariri anaitaka leo. Nimemwambia hapana, mpaka nipate argoni yangu. Amenuna. Wenzetu wa gazeti jingine wakitutangulia, poa tu, jina la mtu likishachafuka nani atalisafisha?

Wewe ungeiachia?