Milima Myekundu ya Masisi

Anayeijua Masisi, huko Kivu Kaskazini, anakijua kijani chake. Ni nchi ya vilima vilivyopandana, malisho, ng'ombe na migomba. Lakini katika picha ambazo Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, alianza kuzipiga mashariki ya Kongo mwaka 2010, kijani hicho hakimo hata kidogo. Nyasi ni nyekundu. Miti ni ya waridi. Wapiganaji wenye bunduki wamesimama katikati ya vichaka vya zambarau, na nyuma yao vilima vinawaka kama makaa.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mtu wa chumba cha giza. Ujanani alikuwa msaidizi katika studio ya picha, moja ya zile zenye pazia lililochorwa bustani na kiti kimoja cha heshima, na kazi yake ilikuwa kusafisha mikanda. Alipozikuta picha za Mosse zimechapwa kitabuni, swali lililomjia kwanza halikuwa la vita wala la sanaa. Lilikuwa la kazi: huu ni mkanda gani, na unasafishwa kwa dawa gani?

Ulikuwa Kodak Aerochrome. Na wakati anauliza, Kodak ilikuwa imeshaacha kuutengeneza.

Mkanda huo, wa kupokea mwanga usioonekana kwa jicho, ulikuwa na ukoo mrefu. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota nchini Uingereza, aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Joto likapanda. Ndivyo ulivyogunduliwa mwanga wa infraredi. Mwaka 1910 Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, akachapisha picha za mandhari zilizopigwa kwa mwanga huo, zenye mbingu nyeusi na miti myeupe kana kwamba imemwagiwa unga.

Rangi ilikuja na Vita vya Pili vya Dunia. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu ili kujitengenezea chakula, na kurudisha kijani kidogo ambacho ndicho tunachokiona. Mwanga wa infraredi halina haja nao, kwa hiyo huurudisha kwa wingi. Rangi ya kijani iliyopakwa juu ya turubai haikuwa na tabia hiyo, na hapo ndipo jeshi la Marekani lilipoona faida. Kodak ikatengeneza filamu ya tabaka tatu ambamo infraredi ilitokea nyekundu, nyekundu ikatokea kijani, na kijani ikatokea bluu. Rubani alipopiga picha kutoka angani, msitu ulitoka mwekundu, na kifaru kilichofichwa chini ya turubai la kijani kikaonekana katikati yake na ubluu wake. Hata matawi yaliyokatwa kwa kufunikia silaha hayakudumu kudanganya, kwa sababu jani likinyauka wekundu wake hupungua.

Baada ya vita wataalamu wa mimea wakaichukua. Mwaka 1956 Robert Colwell, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha jinsi magonjwa ya ngano na nafaka nyingine yanavyoweza kutambuliwa kwa picha za angani. Wapima misitu wakafuata, kisha wachora ramani. Wasanii waliingia kwa mlango wa nyuma: picha ya jalada la albamu ya Jimi Hendrix, Are You Experienced, toleo la Marekani la mwaka 1967, ilipigwa na Karl Ferris kwa filamu ya rangi ya infraredi, na miaka miwili baadaye Hot Rats ya Frank Zappa ikatoka na jalada la aina hiyohiyo. Kwa kizazi hicho, waridi ile ilikuwa rangi ya muziki. Wachache walijua kwamba ilizaliwa jeshini.

Kuutumia mkanda huu kulihitaji mtu mwenye subira. Ulikaa kwenye friza, maana joto huiua tabaka ya infraredi kabla ya tabaka nyingine. Ulitiwa kwenye kamera gizani kabisa, si kivulini, kwani mwanga ule usioonekana hupenya mahali ambapo mtu angeapa kwamba pamezibwa. Baadhi ya kamera za kisasa ziliuharibu zenyewe: zina taa ndogo ya infraredi ndani inayohesabu matundu ya pembeni mwa filamu, na taa hiyo iliacha ukungu kwenye kila picha. Mbele ya lenzi ilibidi kuwe na filta ya manjano ya kuzuia bluu, la sivyo tabaka zote tatu zingeungua kwa pamoja. Kipima mwanga nacho hakikuwa na msaada mkubwa, kwa kuwa hupima mwanga unaoonekana tu. Mpiga picha alipiga mara tatu au nne mandhari ileile, akibadilisha mwanga kidogo kidogo, kisha akasubiri dawa imwambie alichokiona.

Hapo ndipo mwandishi huyu anapopendezwa hasa. Katika studio yao, mpiga picha aliona mteja, akapiga mteja, akasafisha mteja. Dawa ikiwa imechoka, uso ulitoka umefifia, lakini ulikuwa uso uleule. Aerochrome ilipokea kitu ambacho mpiga picha hakukiona kamwe, hata alipokuwa amesimama mbele yake. Alibonyeza kwa imani.

Mwisho wa Aerochrome haukuletwa na wapiga picha. Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1, yenye vipokezi vya infraredi, na wachora ramani wakaanza kupata misitu myekundu bila filamu. Mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, ambacho leo kinajulikana kama RCMRD, na ofisi za ardhi za Afrika Mashariki zikazoea picha za setilaiti ambamo shamba lenye afya huwa jekundu, kwa mpangilio uleule wa rangi ambao Kodak iliuanzisha vitani. Kisha zikaja kamera kubwa za dijitali za kufungwa kwenye ndege. Mteja aliyekuwa akinunua filamu pana ya sentimita 24 kwa makumi ya mita hakurudi tena dukani.

Na filamu haipikwi kwa kipimo cha sufuria ya nyumbani. Mashine za kiwandani hupaka dawa kwenye plastiki pana na ndefu kwa mkupuo mmoja, na mkupuo mmoja wa Aerochrome ulizidi kwa mbali mahitaji ya wasanii wote wa dunia. Walikuwa wakila kwenye meza ya wapima misitu. Meza ilipoondolewa, hawakuwa na nguvu ya kuirudisha. Mwaka 2007 Kodak iliacha HIE, infraredi ya nyeusi na nyeupe, pamoja na EIR, ndugu wa Aerochrome wa milimita 35. Mwaka 2009 ilitangaza mwisho wa Kodachrome, filamu yake ya rangi. Aerochrome yenyewe nayo ikaondoka katika kipindi hichohicho, na Januari 2012 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Waliobaki na mapenzi wakageuka wawindaji. Waliyasaka mabaki ya filamu za angani, wakajifungia gizani na visu vya kukatia, wakazichana ziwe vipande vinavyoingia kwenye kamera za kawaida. Anayejua kazi hiyo anajua mikono inavyotoka jasho: huwezi kuwasha hata ile taa nyekundu ya studio, kila kitu ni kwa kupapasa, na alama moja ya kidole hubaki kwenye picha milele.

Mosse alifanya kazi yake yote ya Kongo akiwa na akiba inayokwisha. Baada ya picha zile za kwanza, mfululizo wa Infra, alirudi na mwenzake Trevor Tweeten kupiga filamu ya milimita 16 kwenye infraredi ileile, Ben Frost akarekodi sauti, na kazi hiyo, The Enclave, ikaonyeshwa kwenye skrini sita katika banda la Ireland, Venice Biennale ya mwaka 2013. Mwaka uliofuata Mosse alipata tuzo ya picha ya Deutsche Börse. Wengi walimlaumu kwamba amevipamba vita, kwamba mateso ya watu yamegeuzwa kitu cha kutundika ukutani. Lawama hiyo ina uzito, hasa kwetu tunaoweza kusalimiana na watu wa picha zile kwa Kiswahili na kuelewana. Hata hivyo, mwandishi huyu anasimama upande wa picha. Filamu iliyotengenezwa kumsaka adui aliyejificha ilitumika kuonyesha vita ambavyo ulimwengu ulikuwa umevizoea hata ukaacha kuvitazama, na kwa wekundu ule ilikuwa vigumu kupita bila kusimama.

Siku hizi yapo mengi ya kujaziliza. Kampuni ya Lomography ilitoa filamu ya LomoChrome Purple mwaka 2013, ambayo hugeuza kijani kuwa zambarau lakini haipokei infraredi. Wapo wanaofungua kamera za dijitali na kuondoa kioo kinachoizuia infraredi, na matokeo yao mara nyingine ni mazuri kweli. Tofauti ni kwamba kwenye skrini ya nyuma wanaiona picha papo hapo, na kusahihisha papo hapo. Mosse mwenyewe alihamia kwenye vifaa vingine: kamera ya kijeshi inayosoma joto, aliyoitumia kwa Incoming ya mwaka 2017 kuhusu wakimbizi, kisha kamera za kupokea mikanda mingi ya mwanga, alizozipeleka Amazon kwa Broken Spectre mwaka 2022.

Mwaka 2018 Kodak ilirudisha sokoni filamu ya Ektachrome ya kawaida, miaka kadhaa baada ya kuiacha, na tangu hapo wapenzi wa infraredi hawajakoma kuuliza zamu yao itafika lini. Mwandishi huyu yumo miongoni mwa wanaouliza. Siku ikifika, sanduku la kwanza angependa lipelekwe Goma, kwa wapiga picha waliokulia chini ya mlima Nyiragongo, wapige wanachotaka wao: harusi, soko, mechi ya Jumapili.